Mwangwi Uliotazama Moyo

Nani kati yenu amewahi kuinamia kisima kirefu akaita "Wee!", kisima nacho kikamjibu "Wee!"? Huo ni mwangwi. Sauti imeshuka, imegonga maji, imerudi. Popo huutegemea usiku asijigonge ukutani. Leo nawahadithia jinsi ulivyoteremshwa hadi kifuani mwa mtu, bila kisu.

Mjini Lund, Sweden, palikuwa na daktari wa moyo, Inge Edler. Sasa, moyo una milango minne midogo, tunaiita vali. Hufunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Vali ikikakamaa kama bawaba yenye kutu, mtu huhema akipanda ngazi chache tu. Edler alitaka kujua kabla ya upasuaji: mlango huu umebana, au unavuja? Enzi hizo, kulipata jibu kulihitaji kupitisha mrija ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni.

Akamwendea mwanafizikia kijana, Hellmuth Hertz. (Mkisikia redioni neno megahertz, hilo ni jina la Heinrich Hertz, ndugu wa babu yake.) Hertz akaenda kuazima mashine katika karakana ya meli mji wa jirani, Malmö. Mafundi waliitumia kupeleka sauti ndani ya chuma na kupokea mwangwi wake, wapate kugundua nyufa. Mashine ya kukagulia meli ikawekwa kifuani! Na mwangwi ukarudi, ukichezacheza kwa kufuata mapigo ya moyo. Wakatafuta mashine nyingine ya aina hiyo, na Oktoba 29, 1953 wakarekodi mchoro wao wa kwanza.

Sauti hiyo ni nyembamba mno, masikio yetu hayaipati: hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Mwilini hukimbia karibu mita 1,540 kwa sekunde. Mashine hupima muda tu. Mwangwi ukiwahi, kilichougonga kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Mashine za leo huchora moyo mzima ukidunda, na damu huipaka rangi: nyekundu ikija, buluu ikienda.

Mimi jambo hili linanigusa kwa sababu ya maumivu ya koo. Ndiyo, koo! Koo likiambukizwa bakteria fulani lisitibiwe, askari wa mwili waweza kukosea wakashambulia vali za moyo. Mtoto hahisi kitu. Anaruka kamba, anacheza mpira, na daktari akimsikiliza kifua huenda naye asisikie kitu.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, hawakungoja dalili. Walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa mwangwi. Kisha watoto 800 hivi waliokutwa na vali zilizoanza kudhurika wakagawanywa mafungu mawili, na fungu moja likachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Majibu yakatoka mwaka 2021. Katika fungu lisilochomwa, watoto 33 hali zao zilizidi kuwa mbaya. Katika fungu lililochomwa, 3.

Sindano ile inauma, siwafichi. Kipimo chenyewe hakiumi. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, kifaa kinateleza taratibu kifuani, na pale kwenye kioo unauona mlango wako mwenyewe ukifunguka, ukifunga, ukifunguka.