Kwa nini chanjo ya mtoto hutunzwa kwenye baridi?

Mama au mlezi, ukimpeleka mtoto kliniki Tosamaganga, au wahudumu wakija kijijini kwa huduma ya mkoba, utaona chanjo ikitolewa kwenye kisanduku cha baridi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8.

Chanjo kama ya pepopunda ina protini, na protini hufanya kazi kwa umbo lake. Fikiria yai: likishachemka, hata likipoa halirudi kuwa bichi. Protini nayo ikipata joto huharibika umbo, na mtoto anaweza kuchomwa sindano asipate kinga. Chanjo hii ikiganda pia huharibika.

Huko Uingereza, Asel Sartbaeva na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath wameifunika protini kwa ganda la silika, ambayo imo pia kwenye mchanga na kioo. Ganda hulishikilia umbo lisivurugike. Mwaka 2017 walionyesha kuwa protini zilizofunikwa hivyo zilistahimili nyuzijoto 100.

Njia hiyo bado haijafika kliniki. Kwa sasa, fanya haya:

- Mpeleke mtoto kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Chanjo za pepopunda huanza akiwa na wiki 6, kisha 10 na 14.
- Mwombe muuguzi akuonyeshe alama ya joto kwenye kichupa. Mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki.