Tokelau: Jua la Bure, Betri za Kununua

Wiki hii twende mbali kidogo, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Huko kuna visiwa vitatu vidogo vya matumbawe viitwavyo Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Kwa pamoja huitwa Tokelau. Watu wake ni kama 1,500 tu, na nchi kavu yote haizidi kilomita za mraba 12 hivi. Tokelau iko chini ya New Zealand, lakini ina baraza lake na serikali yake, na uongozi huzunguka kila mwaka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Uwanja wa ndege hakuna, bandari hakuna. Meli hutoka Apia, Samoa, ikasafiri zaidi ya siku nzima. Ikifika hukaa nje ya mwamba, na mizigo hushushwa kwa mashua.

Kwa miaka mingi mzigo mmoja ulikuwa hauna budi kufika, nao ni mapipa ya dizeli. Kila kisiwa kilikuwa na jenereta zake, na kila kisiwa kilichoma lita 200 hivi kwa siku. Dizeli hiyo huuzwa kwa bei ya dunia, kisha inaongezewa nauli ya meli. Gharama yake kwa mwaka ilikuwa karibu dola milioni moja za New Zealand. Kwa watu 1,500 hiyo si fedha ndogo! Tena meli ikichelewa, ni giza.

Mwishoni mwa mwaka 2011, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa uliofanyika Durban, Afrika Kusini, kiongozi wa serikali ya Tokelau wakati huo, Bwana Foua Toloa, alieleza kwamba visiwa vyake vinakusudia kuachana na jenereta hizo. Ahadi za namna hiyo tumezisikia nyingi, na nyingi zimeishia kwenye hotuba. Hii ilitimizwa. Fakaofo kilitangulia, Agosti 2012, na kabla ya mwaka huo kwisha visiwa vyote vitatu vilikuwa vinapata umeme wa jua. Zilifungwa paneli 4,032 na betri 1,344. Gharama ilizidi dola milioni 7 za New Zealand, na fedha zilitoka katika serikali ya New Zealand.

Sasa tuitazame hiyo idadi ya betri, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Wengi wetu tukisikia umeme wa jua tunafikiria paneli. Lakini paneli hufanya kazi mchana, na saa sita za mchana ndipo jua linapokuwa kali kuliko wakati wote. Watu hutaka umeme hasa jioni, wakiwasha taa, televisheni na pasi. Majokofu nayo hayalali. Kwa hiyo umeme wa mchana sharti uwekwe akiba. Betri zilizochaguliwa ni za risasi na asidi, jamaa wa zile za magari, ila kila moja ina uzito wa kilo 250 hivi. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya tani 330, zilizovushwa juu ya mwamba kwa mashua.

Betri za aina hii zina tabia moja. Ukizikamua karibu na mwisho kila usiku, zinakufa mapema; ukizitumia kwa kiasi, zinaweza kudumu miaka kumi au zaidi kidogo. Basi maisha ya mtambo mzima yamo mikononi mwa mtumiaji. Na mtumiaji ni binadamu. Umeme ulipokuwa wa uhakika, watu waliongeza majokofu na vyombo vinginevyo, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Mahitaji yalipanda, na jenereta, ambazo kwa busara hazikutupwa, zikawa zinawashwa tena kusaidia.

Sisi tunaoishi pwani hii jambo hilo tunalifahamu kwa njia nyingine. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 hitilafu ya mfumo huo iliiacha giza karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Huo haukuwa mgao, ulikuwa ukosefu kabisa. Kisiwa kinachotegemea uzi mmoja, uwe waya au meli ya mafuta, uzi ukikatika hakina pa kukimbilia. Tokelau walitaka kuukata wao wenyewe, kwa hiari yao.

Je, wamefanikiwa? Kwa maoni yangu ndiyo, lakini tupige hesabu. Gawanya dola milioni 7 kwa milioni moja ya dizeli kila mwaka: mtambo unajilipa kwa miaka saba, labda minane. Baada ya hapo jua ni faida tupu, ila faida hiyo ina muda mfupi tu kabla betri hazijadai kubadilishwa. Kama fedha iliyookolewa kwenye dizeli imewekwa pembeni, betri mpya zitanunuliwa. Kama imekwenda kwenye mishahara na mahitaji ya kila siku, ambayo serikali ndogo huwa nayo mengi, itabidi kurudi kwa mfadhili na kupiga hodi upya.

Liko na la mwisho. Betri iliyokufa ina risasi na asidi, na kisiwa cha matumbawe hakina pa kuizika, maana maji matamu ya ardhini ni utando mwembamba tu juu ya maji ya chumvi. Sharti ipakiwe kwenye mashua, ivushwe mwamba, ipandishwe meli, na nauli yake ilipwe kama ilivyolipwa ya kuja.