Mcheza Kwao Hutunzwa

Hapa kwetu mchezaji akitajwa barazani, swali la kwanza ni moja: yuko timu gani ya ligi kuu? Akiwa hana, mazungumzo huishia hapo. Leo nataka nikueleze habari za Mmarekani mmoja, Joe Bauman. Hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu ya besiboli. Lakini kazi aliyoifanya mwaka 1954 ilikaa miaka 47 kabla mchezaji yeyote wa kulipwa nchini mwake, wa ligi kubwa au ndogo, hajaipita.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Katika besiboli mmoja hurusha mpira kwa kasi, na mwingine humngoja na gongo mkononi. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja ungali hewani, hiyo ni homurani. Huzunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu, na alama huhesabiwa kwake na kwa kila mwenzake aliyekuwa kituoni.

Mwaka 1954 ligi kuu ilikuwa na timu 16 tu. Chini yake zilikuwapo ligi ndogo nyingi, zilizopangwa kama ngazi. Timu ya mji wa Roswell, katika jimbo la New Mexico, ilikuwa daraja C, la pili kutoka chini. Huko ndiko Bauman, jitu la mkono wa kushoto lenye umri wa miaka 32, alikopiga homurani 72 katika mechi 138. Rekodi ya ligi ndogo ilikuwa 69, iliyowekwa na Joe Hauser mwaka 1933 na kufikiwa na Bob Crues mwaka 1948. Bauman aliipita siku ya mwisho ya msimu, tarehe 5 Septemba, alipopiga homurani tatu katika mechi mbili mjini Artesia.

Wako waliosema kwamba Roswell iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa nyepesi huupeleka mpira mbali. Ni kweli. Warushaji wa daraja C nao hawakuwa wale wa ligi kuu. Lakini wenzake walivuta hewa ile ile na kukabili warushaji wale wale, na hakuna aliyefika 72.

Utaniuliza: mbona hakupanda? Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akaitumikia katika jeshi la majini. Baada ya vita, timu iliyokuwa na mkataba wake ilimpangia mshahara alioona haumtoshi. Akakataa, akarudi Oklahoma kuendesha kituo cha mafuta huku akichezea timu ya mji. Aliporejea ligi ndogo mwaka 1952 alikuwa na miaka 30, na klabu kubwa hutafuta vijana.

Sasa sikiliza jambo lililonivutia zaidi. Katika viwanja vile vidogo, mtu akipiga homurani, watazamaji walichomeka noti za dola kwenye matundu ya wavu ulio mbele yao. Bauman alipita akizikusanya moja moja. Nilipozijua habari hizi nilikumbuka ngoma zetu, jinsi mwimbaji anavyotunzwa mbele ya macho ya wote. Siku nzuri, tunzo hizo zilikuwa nyongeza ya maana juu ya mshahara mdogo. Pale Roswell pia alikuwa na kituo cha mafuta, na aliyemshangilia usiku aliweza kuja kwake kesho yake kujaza tangi.

Bauman aliacha kucheza mwaka 1956, akiwa na homurani 337 katika ligi ndogo. Rekodi yake ya msimu ilivunjwa mwaka 2001, Barry Bonds alipopiga 73. Alifariki Roswell mwaka 2005, na uwanja wa mji ule ulipewa jina lake.

Je, huyu alishindwa? Mimi nakataa. Ligi kuu ina nafasi chache, na mishahara, vita na umri navyo huamua nani aingie. Jumapili ijayo ukipita uwanja wa mtaani kwako, simama kidogo uangalie. Na kijana akifanya la kupendeza, usingoje aitwe na timu kubwa ndipo umpigie makofi.