Je, Wajua Saa Yako Hupima Uzito wa Hewa?

Saa janja yenye baromita ni mizani unayoivaa mkononi. Ndani yake mna utando mwembamba wa silikoni. Hewa ikiubonyeza, hupinda kidogo sana, na kupinda huko hubadilisha umeme unaopita. Hivyo saa hutambua uzito wa hewa iliyokulalia kichwani. Ufukweni Dar es Salaam itasoma zaidi ya hektopaskali 1,010. Shinyanga mjini, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, itasoma karibu 890.

Saa nyingi za wapanda milima zina kengele ya dhoruba. Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 4 katika muda wa saa tatu, saa hutetemeka na kulia. Ulaya na Amerika Kaskazini kengele hiyo ina kazi hasa, kwa kuwa dhoruba za theluji huko huletwa na vimbunga vipana vya mgandamizo mdogo, vyenye upana wa mamia ya kilomita, na hewa huanza kuwa nyepesi saa nyingi kabla ya theluji kudondoka.

Kanda ya Ziwa mambo ni mengine. Karibu na ikweta anga hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji kupwa na kujaa. Chanzo chake ni jua linalopasha joto ozoni na mvuke ulio juu. Mgandamizo hufika kileleni mnamo saa 4 asubuhi, hushuka hadi saa 10 alasiri, hupanda tena hadi saa 4 usiku, kisha hushuka mpaka alfajiri. Mteremko wa mchana peke yake unaweza kufika hektopaskali 3, hata siku isiyo na wingu. Mtu wa Kahama anayetazama mstari ukishuka kwenye saa yake kila alasiri anaweza kudhani mvua inakuja, kumbe anga inapumua tu.

Dhoruba yenyewe ikifika, saa hudanganyika zaidi. Wingu la radi humwaga chini hewa baridi, na hewa baridi ni nzito, kwa hiyo mgandamizo mara nyingi huruka juu ghafla upepo ule wa kwanza unapopiga. Kengele inasubiri mteremko, nao mgandamizo unapanda.

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita kuna jambo jingine tena. Kwenye miinuko hii, kila mita 10 hivi za kupanda hupunguza hektopaskali moja. Mtu akivutwa kwa winchi kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, la mita 40, saa iliyowekwa kupima hewa tu huona hektopaskali 4 zikitoweka kwa dakika chache. Saa italia dhoruba, naye ametoka tu kuona jua.

Utabiri wenye picha za jua na wingu hautoki kwenye utando huo. Simu huupokea kwa intaneti na kuupitisha kwenye saa kwa Bluetooth, nao umekokotolewa na kompyuta kubwa za mbali zinazoigawa dunia katika miraba. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho ni miongoni mwa vilivyo bora zaidi, hutumia miraba ya kilomita 9 hivi. Wingu la mvua ya mawe linaweza kupita ndani ya mraba mmoja bila kuonekana. Nadhani hapa ndipo saa hizi zinapojipatia sifa zisizostahili: kipupwe chote, Juni hadi Agosti, zinatabiri ukavu, na ukavu ndio unaokuwepo. Mtu huzizoea na kuziamini, kisha vuli inaanza.

Na mvua za kanda hii huua. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za udongo Mwakata, wilayani Kahama. Walikufa watu zaidi ya 40. Januari 2024, katika mkoa jirani wa Simiyu, ardhi iliyolowa mvua iliwafukia wachimbaji zaidi ya 20 huko Bariadi.

Ndiyo maana saa ina manufaa makubwa zaidi inapokuwa tarishi wa simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yenye rada Mwanza, hutoa maonyo kwa ngazi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ujumbe huo ukiingia kwenye simu iliyo mfukoni, mkono hutetemeka hata kama karasha la kusaga mawe linanguruma na hakuna anayesikia mlio.

Ila mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Aliye chini ya duara, hata avae saa ya bei gani, hapati kitu. Saa inapaswa kuwa mkononi mwa anayeendesha winchi, maana ndiye mwenye mtandao, ndiye anayeliona wingu, na akiona mwanga kisha ngurumo ikafika kabla hajahesabu sekunde 30, ajue radi iko ndani ya kilomita 10, na wenzake bado wako chini.