Padri Milani na watoto walioambiwa hawana akili

Desemba 1954 Padri Lorenzo Milani aliondolewa San Donato di Calenzano, karibu na Florence nchini Italia, akapelekwa Barbiana, parokia ya watu wapatao mia moja waliotawanyika mlimani katika eneo la Mugello. Umeme haukuwapo, wala barabara ya maana ya kufikia kanisa. Hakuna aliyedhani amepandishwa cheo. Kule San Donato alikuwa ameanzisha shule ya jioni kwa vijana wa viwandani na mashambani, na akauondoa msalaba ukutani ili hata kijana wa Kikomunisti aingie bila kusita. Wakubwa wengi hawakulipenda hilo. Alikuwa na miaka 31. Huko mlimani alikotakiwa anyamaze ndiko alikofungua shule ambayo Italia inabishana juu yake hadi leo, na ninaamini upande wake ndio wenye hoja nzito zaidi.

Hoja yenyewe ni hii: mtoto wa maskini hashindwi shule kwa kukosa akili, anashindwa kwa sababu shule inamtahini kwa lugha ambayo wenzake wameinyonya nyumbani. Milani aliijua tofauti hiyo kwa ndani. Alizaliwa mwaka 1923 katika ukoo tajiri wa wasomi, akakulia kati ya vitabu. Watoto wa wakulima aliowakuta Barbiana walikuwa na akili timamu, ila mbele ya mwenye shamba, daktari au karani walikosa maneno. Kwa hiyo maneno ndiyo yakawa somo la kwanza. Gazeti la siku lilisomwa kwa sauti, na neno gumu likitokea darasa zima lilisimama hadi lieleweke. Uandishi nao ulikuwa kazi ya wote: kila mmoja aliandika mawazo yake kwenye vipande vya karatasi, vikatandazwa juu ya meza kubwa, vyenye wazo moja vikakusanywa pamoja, vinavyojirudia vikatupwa. Kisha ikaanza kazi ya kupunguza. Sentensi iliyobeba mambo mawili ilikatwa, na neno lisilo na kazi likafutwa, hata kama aliyelileta alilipenda.

Hivyo ndivyo wanafunzi wanane walivyoandika Barua kwa Mwalimu, iliyotoka Mei 1967, Milani akiwa mahututi kwa saratani. Italia ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1962 ya kuwa na shule moja ya kati kwa watoto wote hadi miaka 14. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi. Vijana hao wakachukua takwimu za serikali yenyewe, wakazipanga kwa kazi za wazazi, wakaonyesha kwamba waliokuwa wakirudishwa darasa hadi wakaacha shule walikuwa hasa watoto wa wakulima na vibarua.

Wapinzani wake wanasema kwamba kwa kukataa kufelisha, Milani alifungua njia ya kushusha kiwango cha elimu. Shutuma hii haikai sawa na kilichofanyika Barbiana, ambako masomo yalichukua kama saa kumi na mbili kwa siku, bila likizo. Anayeshusha kiwango humpitisha mtoto ambaye hajaelewa. Milani hakuruhusu darasa liendelee mpaka aliyebaki nyuma aelewe. Kama shule ya leo inampandisha mtoto darasa hajui kusoma, huko ni kumtupa kwa njia nyingine, na Barbiana haihusiki.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi. Padri huyu alikuwa mkali kupita kiasi, na hakusita kuwapiga wanafunzi wake. Hilo silitetei. Upendo aliokuwa nao kwa watoto wale haulifanyi kofi kuwa mbinu ya kufundishia, na anayemsifu bila kulitaja anampunguzia ukweli.

Wengine husema shule yake ilisimama kwa nguvu za mtu mmoja asiye na familia, kwa hiyo haiwezi kuwa mfano kwa taifa. Lakini Barbiana haikuwa na mwalimu mmoja. Mvulana aliyejua kitu jana alimfundisha mdogo wake leo, na wakubwa walipelekwa nje ya nchi kufanya kazi na kujifunza lugha, wakarudi na cha kuwafundisha wenzao. Jambo hilo halihitaji padri, linahitaji uamuzi. Na uamuzi huo haukuwaziwa Italia peke yake: Machi mwaka uleule wa Barua kwa Mwalimu, 1967, Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akisema shule ya msingi isiwe chujio la kuwapata wachache wa kwenda sekondari, bali imfae yule ambaye safari yake inaishia hapo. Sina ushahidi wowote kwamba mlima ule na Dar es Salaam vilisikilizana. Nilicho nacho ni swali lilelile likiulizwa na watoto wa wakulima na mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja: huyu mtoto asiyechaguliwa, shule imempa nini?