Uhaba wa Wachezaji Warefu katika Vyuo vya Marekani

Mkufunzi wa mpira wa vikapu aweza kumfunza kijana kulenga, kukimbia na kupokezana mpira. Kimo hawezi kumfunza. Ndiposa vyuo vikuu vya Marekani hung'ang'ania vijana wachache wenye urefu wa mita 2.10 na zaidi, wa kulinda kikapu kilichotundikwa mita 3.05 juu ya sakafu.

Uhaba huu una sababu tatu. Kwanza, watu wa kimo hicho ni adimu. Pili, aghalabu wao huchelewa kukomaa kimchezo. Tatu, wakishakomaa huondoka. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, ni kielelezo mwafaka. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya kitaifa, naye akachukuliwa na Memphis Grizzlies kabla ya mwaka wake wa nne. Chuo kikabaki na pengo.

Isitoshe, tangu 2021 mchezaji aweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima, na kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Hivyo chuo kidogo hupanda, chuo tajiri kikavuna.

Hata hivyo, kijana si kimo pekee. Dikembe Mutombo wa Kongo aliingia Georgetown mwaka 1987 akinuia kusomea udaktari. Alipohitimu mwaka 1991, alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia. Chuo kimsakacho mrefu kikumbuke kwamba kinamsajili mwanafunzi.