Saini Ndani ya Droni

Droni ndogo yenye rafadha nne haina mabawa ya kuibeba. Kinachoiweka hewani ni hesabu: vihisio hupima ilivyoinama, programu hukokotoa, mota huongezwa au kupunguzwa kasi, mara mamia kwa sekunde. Mahali pa kujumlisha weka kutoa, nayo itapinduka papo hapo bila kupigwa hata risasi.

Ndiyo maana katika vita vya Urusi na Ukraine watu huviziana hadi ndani ya programu. Mapema 2025 ziliripotiwa droni za Ukraine zenye programu hasidi: Mrusi akiteka mojawapo na kuichomeka kwenye kompyuta ili aitumie upya, tundu la USB linaungua.

Kisa cha Julai mwaka huohuo kinanivutia zaidi. Jeshi la Urusi hutumia pia droni za kiraia za DJI, kampuni ya China. Kiwandani huwekewa mipaka ya kuruka. Warusi wakaunda programu mbadala, 1001, ya kuiondoa, wakiisambaza kwa mafundi kupitia seva zao. Wadukuzi wakaziingilia seva hizo, na waundaji wakawasihi mafundi wazime vifaa vya kupakulia. Aliyevunja kufuli la kiwanda alibaki kutegemea la kwake, nalo likavunjwa.

Kinga dhidi ya programu iliyochezewa ni saini ya kidijitali, alama ya kihesabu inayothibitisha aliyeitoa. Mojawapo ya njia zake ilibuniwa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, pale MIT, Marekani. Kuzidisha 89 kwa 97 ni rahisi. Kupewa 8633 pekee na kuambiwa utafute namba zilizoizaa ni kibarua. Sasa fikiria namba ya tarakimu zaidi ya 600. Kiwanda huficha namba zilizoizaa, ndizo siri ya kusaini; kifaa hupewa ile kubwa ya kuhakiki tu. Ikibadilishwa herufi moja ya programu, saini hukataa.

Simu yako ya Android nayo hukagua saini, ila mtu yeyote anaweza kujitengenezea ya kwake, tapeli akiwemo. Kinachomkwamisha ni kwamba programu ya benki iliyokwisha kuwemo haikubali toleo jipya lenye saini ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayekutumia kiungo cha “toleo jipya” kwa WhatsApp, kisha akakuomba ufute kwanza la zamani, anajua vizuri kwa nini anaomba.